Joto linapopanda mgonjwa akiwa usingizini

Shikamoo dada. Shemeji alipanda joto akiwa kwenye nusukaputi (usingizi wa upasuaji), wakamzungushia barafu. Panadoli haikutosha? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba. Panadoli hutuliza homa inayoamriwa na ubongo, kama ya malaria. Hapa joto linatoka kwenye misuli. Wapo wachache waliorithi hitilafu iletayo ugonjwa uitwao malignant hyperthermia: wakivuta gesi za usingizi kama halotheni, isoflureni au sevoflureni, au wakichomwa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kalisiamu humwagika ndani ya misuli, inakaza na kuchoma nguvu bila kupumzika. Joto huweza kupanda nyuzi 1 kila dakika 5. Sisi wa mashine ya usingizi huanza kuona hewa chafu anayoitoa mgonjwa ikizidi na mapigo yakienda mbio. Hata kopo la sodalaimu, linalonyonya hewa hiyo kwenye mashine, ukiligusa ni la moto.

Barafu inawekwa wapi? Ya samaki je? (Kilwa Masoko)

Shingoni, makwapani na kwenye kinena, mishipa mikubwa inapopita karibu na ngozi. Iwe ndani ya mfuko, juu yake kitambaa, isije ikaunguza ngozi. Ya samaki ikifungwa vizuri inapoza vilevile, ila ikae mbali na kidonda! Mgonjwa hufunuliwa, akalowanishwa, akapepewa kwa feni (Januari ya pwani, hewa ikiwa nzito, feni peke yake haifui dafu). Dripu ya chumvi iliyotoka kwenye friji huingia mshipani, na kibofu huweza kuoshwa kwa maji baridi kupitia mpira. Tunapoza joto likipita 39, tunaacha likishuka hadi 38, maana mwili huendelea kupoa wenyewe.

Kwa hiyo barafu ndiyo tiba?

Hapana. Kwanza gesi ifungwe, apewe oksijeni tupu. Tiba yenyewe ni dantrolini, dawa ya mshipani inayozuia kalisiamu kumwagika, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kichupa cha kawaida kina miligramu 20, na unga wake unataka maji mililita 60. Mtu wa kilo 70 anahitaji vichupa 9 kwa kuanzia, kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kutikisa vichupa tu.

Mwanangu anapasuliwa hospitali ya Ligula wiki ijayo. Baba yake mdogo alifia kwenye nusukaputi. Niseme? (Mama, Nanyamba)

Sema mama, tena leo. Ugonjwa huu ulijulikana hivyohivyo: kijana wa miaka 21 huko Melbourne, mguu umevunjika, aliogopa usingizi kuliko mguu, kwa kuwa ndugu zake 10 walikufa wakipewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Daktari Denborough na mwenzake wakaandika habari yake mwaka 1960. Ganzi ya mgongoni, na dawa za usingizi za kuchoma kama ketamini na propofoli, haziuamshi ugonjwa huu, na mtaalamu wa usingizi atachagua humo.