Maswali ya Wasomaji: Nataka Kusomea Elimu Maalumu, Nianzie Wapi?

Katika toleo hili, barua zenu zinajibiwa na mwalimu mstaafu aliyefundisha shule za msingi kabla ya kuwa mkufunzi wa elimu maalumu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Manyoni. Nina wanafunzi 87, na mmoja wao, mvulana wa miaka 10, hasikii. Mama yake anasema alipoteza usikivu baada ya homa kali alipokuwa na miaka miwili. Ananakili kila ninachoandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, lakini nikimwonyesha neno moja katika hayo aliyonakili, halijui. Nataka kwenda kusomea elimu maalumu ili nimsaidie yeye na wengine watakaokuja. Hata hivyo, mwalimu mkuu ananiambia kwamba nikisoma nitahamishiwa kwenye kitengo, yaani darasa maalumu lililomo ndani ya shule ya kawaida, na sitafundisha tena watoto wa kawaida. Je, ni kweli? Na nisomee wapi?

*Mwalimu wa darasa la tatu, Manyoni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitakujibu kuhusu chuo, lakini niruhusu nianze na mvulana, kwa sababu yeye hawezi kungoja mpaka uhitimu.

Mshauri mama yake ampeleke hospitali akapimwe masikio, hata kama miaka imepita. Homa kali, na hasa ile ya uti wa mgongo, huweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Hata hivyo, nimewahi kukutana na watoto walioitwa viziwi kumbe masikio yao yalikuwa yameziba kwa nta au yanatoka usaha kwa miaka mingi bila tiba. Vipimo vitakueleza unashughulika na nini, na karatasi ya hospitali itamfungulia mtoto milango mingine baadaye.

Hayo ya kunakili uliyoyaona ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyepoteza usikivu akiwa na miaka miwili hakupata muda wa kuimiliki lugha yoyote. Wenzake walipofika darasa la kwanza walikuwa tayari wanasema Kiswahili au Kinyaturu au Kigogo, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuwaonyesha jinsi sauti wanazozijua zinavyoandikwa: ba, be, bi, bo, bu. Kwake yeye sauti hizo hazipo. Anachora herufi kama mtu anayechora maua ya kanga, kwa uangalifu na kwa uzuri, bila kuwa na neno ndani yake. Kumkalisha dawati la mbele kunamsaidia mtoto mwenye usikivu hafifu, lakini hakumpi lugha mtoto ambaye hana lugha. Anachohitaji kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na anaihitaji kutoka kwa watu wanaoitumia kila siku, wakiwemo viziwi wenzake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaodhani kwamba elimu jumuishi maana yake ni kila mtoto kuketi katika shule iliyo karibu na kwao, basi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazungumzia elimu katika Ibara ya 24, na ibara hiyo hiyo inataka watoto viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa na katika mazingira yanayowakuza kitaaluma na kijamii. Mtoto kiziwi aliye peke yake kati ya watoto 86 wanaosikia, bila mtu hata mmoja anayejua alama, yuko darasani kwa mwili tu. Kwa hiyo nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, umweleze habari za mtoto huyu, na uulize ni shule gani yenye kitengo cha viziwi iliyo karibu, au kama inafaa apelekwe shule maalumu kama ile ya viziwi ya Tabora, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1963. Uamuzi ni wa wazazi, na si mwepesi, kwa kuwa kumpeleka bweni mtoto wa miaka 10 kunauma. Wewe wape taarifa kamili, usiwasukume.

Wakati huo huo, usizungumze huku umeugeukia ubao. Simama mahali ambapo mwanga unakuangukia usoni, wala usisimame mbele ya dirisha, maana hapo mtoto huona kivuli badala ya midomo. Leta vitu halisi na picha, uandike neno moja chini ya kila kimoja, na umchague mwenzake mmoja mpole wa kukaa naye. Wakataze watoto kumwita bubu. Na wewe pia, mwanangu, jizoeze kuacha kusema "watoto wa kawaida" unapowazungumzia wale wengine, kwa sababu mtoto hujifunza mahali pake kutoka katika maneno ya mwalimu wake.

Sasa chuo. Chuo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii nchini ni Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo Tengeru mkoani Arusha, ambacho kimewaandaa walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Mafunzo yake yamejengwa juu ya maeneo matatu: wasioona, viziwi, na wenye ulemavu wa akili. Kwa kuwa umekwisha kuajiriwa, jambo la kwanza ni kuhakikisha umethibitishwa kazini, kisha uombe ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu na uhakikishe jina lako limeingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Walimu wengi hujiombea chuo kwanza na kuomba ruhusa baadaye, wakajikuta wamepata nafasi huku mshahara uko hatarini. Fuata utaratibu tangu mwanzo, na utunze nakala ya kila barua.

Kuhusu kitengo, mwalimu mkuu hajakudanganya. Wahitimu wengi hupangiwa vitengo, na kazi ya huko ni ya heshima. Kasoro iko katika mazoea yetu ya kukigeuza kitengo kuwa chumba cha nyuma, ambamo mwalimu mmoja na watoto wake wanasahauliwa mpaka siku ya wageni. Nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26, na hauwezi kutekelezwa na walimu wa vitengo peke yao. Ukirudi na cheti chako, omba vipindi katika madarasa ya jumla, hata viwili kwa wiki, na uwaalike walimu wenzako waingie kwako. Mwalimu mkuu mwenye hekima hatakunyima.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita na ninataka kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Wengine wananiambia nisome kwanza ualimu wa shule ya msingi, wengine wananiambia nikimbilie elimu maalumu moja kwa moja. Nifuate lipi?

*Msomaji wa Korogwe*

JIBU: Marahaba. Njia zote mbili zipo, na vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada ya ualimu katika elimu maalumu. Sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka na Wizara ya Elimu kwa ngazi ya stashahada, na katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa ngazi ya shahada, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu, usitegemee masimulizi ya waliotangulia. Ukiniuliza moyo wangu, ningependa kwanza uwe mwalimu imara wa darasa la kwanza na la pili. Mtu asiyejua jinsi mtoto yeyote anavyojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu hawezi kutambua ni hatua gani imemkwama mtoto mwenye usonji au mwenye ulemavu wa akili.

Utakayojifunza katika elimu maalumu yenyewe ni ya mikono zaidi kuliko unavyofikiri. Ukichagua wasioona, utajifunza nukta nundu, maandishi ya nukta 6 yanayosomwa kwa ncha za vidole. Na ukiandika kwa kibao na kijiti chenye ncha, utaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, kwa sababu karatasi husomwa upande wa pili. Wanafunzi wangu wengi walilia wiki ya kwanza. Ukichagua ulemavu wa akili, utajifunza kuipasua kazi moja katika vipande vidogo: kufunga kamba za viatu ni hatua kadhaa, na utapaswa kuzifahamu zote, kwa mpangilio, kabla ya kumfundisha mtoto hata moja.

Utajifunza pia mambo ya ofisini ambayo uzembe wake humuumiza mtoto. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, mtahiniwa mwenye uoni hafifu, kwa mfano mtoto mwenye ualbino, hupewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haki hiyo humfikia mtoto pale tu mwalimu anapoijaza hali yake wakati wa usajili.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anataka kusomea elimu maalumu. Ndugu wanasema ni kozi ya waliokosa nafasi kwingine na kwamba hatapata ajira. Nimkataze?

*Mzazi, Mbagala*

JIBU: Usimkataze, mzazi mwenzangu. Ajira siwezi kukuahidi, kwa maana hata walimu wa masomo mengine wanasubiri. Ninachojua ni kwamba matangazo ya ajira za walimu yamekuwa yakitaja nafasi za elimu maalumu kwa jina lake. Kuhusu hilo la kukosa nafasi kwingine, ndugu zako hawajamwona mwalimu akimfundisha Hisabati mtoto asiyeona bila ubao. Shule ya kwanza ya wasioona nchini, ile ya Buigiri mkoani Dodoma, ilianza mwaka 1950, na mafundi wa kazi hii bado ni wachache.

Kabla hajajaza fomu, mpeleke kwenye shule yenye kitengo iliyo karibu nanyi. Muombe mwalimu mkuu ruhusa binti akae nyuma ya darasa siku tano mfululizo, tangu watoto wanapoingia asubuhi hadi wanapokunywa uji na kwenda nyumbani, akisaidia kunawisha mikono na kukusanya madaftari. Siku ya tano jioni muulize kama bado anataka, na jibu atakalokupa hapo ndilo la kulifuata.