Nanga ya katikati ya Titanic: mnyororo au waya?

Ndugu, umeuliza kama nanga kubwa ya omoni (ncha ya mbele ya meli) ifungwe mnyororo kwenye modeli yako ya Titanic ya 1:200, yaani ndogo mara 200 kuliko meli yenyewe. Hapana. Nanga mbili za ubavuni ndizo zenye minyororo, kila moja tani 8 hivi. Ile ya katikati, tani 15 na ushee, ilitumia kamba ya waya na ilinyanyuliwa kwa kreni iliyosimama kwenye sitaha ya mbele. Wengi hukosea hapa: wanaweka mnyororo wa tatu, halafu unakosa pa kupita.

Chuma cha mnyororo kilikuwa na unene wa inchi 3 na 3/8, yaani milimita 86. Pete yenye kipingo katikati huwa na urefu wa mara 6 ya unene na upana wa mara 3.6, kwa hiyo kwenye modeli yako ni milimita 2.6 kwa 1.5. Mnyororo wa duka la mapambo hauna kipingo hicho. Ukiuweka, mtu anayejua ataona mara moja.

Ukitafuta picha za kuigia, kuwa mwangalifu: nyingi zinazoitwa za Titanic ni za Olympic, meli dada yake. Tazama sitaha ya A, ile iliyo chini tu ya sitaha ya mashua. Ikiwa nusu ya mbele imezibwa kwa madirisha, ni Titanic. Ikiwa wazi yote, ni Olympic, au Titanic kabla haijakamilika. Kwa picha za uwanja wa kujenga meli, Belfast, anza na za Robert Welch, mpigapicha wa kampuni iliyoijenga, Harland & Wolff. Nanga zenyewe zilitoka kiwanda cha Noah Hingley, Netherton, Uingereza. Mtambo wa kuvutia minyororo ni wa Napier Brothers, Glasgow. Tafuta kwa majina hayo, si kwa jina la meli pekee.