Mei na Juni nyanda za juu za Marekani: panga siku yako na dhoruba, usisubiri king'ora

Nyie mliohamia Garden City au Dodge City kule Kansas, Fort Morgan au Greeley kule Colorado, au Amarillo, Texas, kipindi cha baridi, mkapambana na theluji mkasema haya sasa yameisha, naombeni mnisikilize kidogo maana Mei imeingia na huu ndo msimu wenyewe wa hatari kwenye hizi nyanda. Mi naendesha lori njia hizihizi, barabara kuu za US 50, US 287, I-70, na kila mwaka ikifika muda huu nawapigia wageni simu kuwaambia neno moja tu, kwamba dhoruba za huku zina saa zake, kwa hiyo ipange siku yako kwa kuzifuata hizo saa. Ukingoja mpaka king'ora cha mji cha kuonya dhoruba kilie umechelewa, na isitoshe vile ving'ora vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, ukiwa umelala ndani na feni inazunguka unaweza usisikie kitu kabisa.

Kinachowadanganya wengi ni asubuhi. Unaamka anga jeupe, jua limewaka, mtu anasema leo shwari naenda zangu mnadani, kumbe siku za namna hiyo ndo za kuziangalia mara mbili. Iko hivi. Unyevu unatoka Ghuba ya Mexico unaletwa na upepo wa kusini mashariki, na ardhi ya huku inapanda taratibu kuelekea milima ya Rocky, Garden City iko kama mita 860 juu ya bahari lakini ukifika Limon, Colorado, uko zaidi ya mita 1,600 na njiani hujaona kilima cha maana, sasa ile hewa nayo inapandishwa hivohivo. Upande wa kusini magharibi inakuja hewa kavu ya jangwani, na pale zinapokutana hewa kavu na hewa yenye unyevu ndo mawingu mengi yanapoanzia. Halafu juu yake kuna tabaka la hewa ya moto linalokaa kama kifuniko cha sufuria, linazuia asubuhi nzima wakati jua linachemsha chini, ikifika saa 8 au saa 9 mchana kifuniko kinaachia, wingu linapanda kilomita 12 kwenda juu na hata saa nzima haijaisha.

Kuanzia hapo zinatembea kwenda mashariki. Milimani zinaanza mchana, mpakani mwa Colorado na Kansas zinafika jioni, na huku Dodge City mara nyingi zinaingia usiku. Hii ya usiku naisisitiza sana kwa nyie wa shifti ya pili kwenye viwanda vya nyama, mnaotoka mmechoka na simu ilikuwa kwenye loka muda wote. Mji wa Greensburg, Kansas, ulipigwa na tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo kutoka winguni mpaka chini, tarehe 4 Mei 2007 ikikaribia saa 4 usiku, ikabomoa karibu asilimia 95 ya mji. Gizani huwezi kuona tornado, labda umeme wa radi ukuonyeshe kwa sekunde moja.

Msimu wenyewe unahama. Katikati ya Mei uzito unakuwa zaidi kwenye vile vipande vya kaskazini ya Texas na magharibi ya Oklahoma pamoja na Kansas ya magharibi, kadiri Juni inavyoingia unasogea kaskazini, Colorado ya kaskazini mashariki, Cheyenne kule Wyoming, Nebraska ya magharibi. Lakini wa Texas msijisahau, Perryton ilipigwa tarehe 15 Juni 2023 na watu 3 wakapoteza maisha.

Sasa nini cha kuangalia. Fungua tovuti ya Storm Prediction Center, ni kituo cha serikali kiko Norman, Oklahoma, bure kabisa, na hata kama Kiingereza kinakupa shida ramani yao inasomeka kwa rangi. Kijani hafifu ni radi za kawaida, kijani kibichi ni hatari ngazi ya 1, njano ya 2, rangi ya chungwa ya 3, nyekundu ya 4, na ile ya zambarau iliyokolea ni ya 5 ambayo haitoki mara nyingi. Watu wanasubiri nyekundu ndo washtuke, mi nasema njano ya huku iheshimu, sababu wingu moja tu linaweza kukumalizia shamba na gari hata kama wilaya nzima iliyobaki ilikuwa kavu. Kwa saa za Kansas ramani inabadilishwa saa 2 asubuhi, halafu saa 5 na nusu, halafu saa 9 alasiri, mliopo Colorado toeni saa moja. Mi naamini zaidi ile ya saa 5 na nusu, watabiri wanakuwa wameshapata vipimo vya asubuhi.

Kingine kwenye app ya hali ya hewa tafuta namba ya Dew Point, hiyo ni kipimo cha unyevu hewani. Huku juu hewa ni kavu siku nyingi, ukiona imevuka 55 kwa Farenihaiti na upepo unatoka kusini mashariki, basi jioni usipange safari ndefu. Na asubuhi ikiwa na ukungu au mawingu ya chini upande wa Colorado wala usifikiri mvua imeshapita, huo ndo unyevu unafika.

Simu ikiandika Watch maana yake dhoruba inaweza kutokea, hapo chaji simu, vaa viatu, jua watoto wako wapi. Ikiandika Warning maana yake imeonekana au rada imeipata, hapo usitoke nje kurekodi video, ingia ndani sasa hivi. Hizi meseji zinakuja kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo kila kundi la WhatsApp, la Wakongo, la Warundi, la sisi Watanzania na Wakenya, liwe na mtu anayetuma voisi asubuhi kwa Kiswahili kusema leo rangi gani na saa ngapi. Ya dharura msiitegemee WhatsApp, nunueni ile redio ndogo ya hali ya hewa ya NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa, inakuamsha yenyewe usiku.

Mnaokaa kwenye nyumba za treila hapa naongea kwa uchungu. Treila si mahali pa kujificha tornado, hata ukiifunga kamba. Leo, kabla hakujachafuka, ongea na mtu mwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, au uliza mji una makazi gani ya dhoruba, na siku ikiwa ya rangi ya chungwa nenda mapema, Watch ikitoka tu uwe njiani. Mwenye nyumba isiyo na besimenti aingie bafuni au kabati la katikati, chumba kisicho na dirisha, godoro juu ya watoto.

Barabarani usijifiche chini ya daraja, upepo pale unabanwa unazidi nguvu, na ukisimamisha gari unawafungia wenzako njia. Mi nikiona wingu limekaa mbele natoka kwenye njia, napaki stesheni ya mafuta, nasubiri. Mimi ni wa Mbeya, mvua ya mawe nimekua nayo, ila ya huku ni nyingine. Inaanza na jiwe moja, ko, kwenye boneti, kimya, la pili, halafu ndani ya kebini hamsikilizani. Ikipita shamba la ngano limelala, ukungu mweupe unatambaa juu ya barafu na hewa inanuka majani yaliyotwangwa. Karibu na Bethune, Colorado, mwaka 2019 liliokotwa jiwe la sentimita 12, na ile iliyopiga Denver tarehe 8 Mei 2017 iliwagharimu watu wa bima zaidi ya dola bilioni 2.

Ndo maana nawaambia muangalie bima zenu wiki hii. Bima ndogo ya gari haikulipi kioo wala bodi iliyotobolewa na mawe, mpaka uwe na bima kubwa. Na siku moja baada ya mvua ya mawe watakuja mafundi wa paa kugonga mlango, wengine namba za gari za mbali, atakwambia ile sehemu ya gharama unayotakiwa kulipa mwenyewe atakufutia. Colorado na Texas sheria inakataza hilo. Usisaini kitu mlangoni, piga simu bima kwanza. Na leo kukiwa bado kukavu piga picha paa, madirisha na gari pande zote, ujitumie mwenyewe kwenye imeli.