Kabla Hujanunua Pete, Fyuzi au Waya wa Amplifaya Yako ya Valvu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sengerema aliniandikia kunieleza kwamba, baada ya kujichanga kwa muda mrefu, amefanikiwa kupata amplifaya ya hedifoni inayotumia valvu, yaani vile vitungi vya kioo vinavyokuza sauti, na kwamba fedha iliyombakia anataka kuigawa kati ya pete za silikoni za kuvisha valvu, waya mnene wa umeme na fyuzi inayosemekana kusafisha sauti. Aliniuliza, kwa adabu zote, aanze na kipi. Nilimjibu kwa maneno machache, lakini swali lake linastahili jibu refu, kwa sababu ni jambo ambalo mimi mwenyewe nimelipigania mbele za watu na kuvunjiwa heshima kwa ajili yake.

Jibu langu ni hili: viko vifaa vidogo vinavyobadilisha sauti ya amplifaya ya valvu, tena kwa kiasi ambacho hata mgeni asiyejali muziki atakitambua, ila karibu vyote ni vya bei ndogo, na vile vinavyouzwa kwa bei kubwa zaidi ndivyo ambavyo sijasikia vikifanya lolote. Kabla ya kutoa fedha, jiulize kifaa hicho kinagusa nini hasa: je, kinagusa mtikisiko wa valvu, volti inayoilisha, ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini), au mahali chuma kinapokutana na chuma ili sauti ipite? Kama hakigusi lolote kati ya hayo, hakina njia ya kuifikia sauti.

Amplifaya yangu ina valvu mbili ndogo za 6922 upande wa kuingizia sauti na moja kubwa ya 6080 upande wa kutolea, haina transfoma ya kutolea sauti, na hedifoni ninazotumia ni Sennheiser HD 600 zenye ukinzani wa omu 300. Ninaishi Kirumba, katika nyumba iliyojengwa juu ya mwamba kama zilivyo nyumba nyingi za Mwanza, na malori yanayoshuka kuelekea Mwaloni kuchukua samaki na dagaa huitikisa sakafu yetu kuanzia alfajiri. Usiku mmoja nilianza kusikia katika sikio la kushoto mlio mwembamba wa kengele, uliokuja kila nilipogusa kitufe cha sauti au mtu alipofunga mlango kwa nguvu, kisha ukafifia polepole.

Chanzo cha mlio huo kinaeleweka. Ndani ya valvu kuna gridi, yaani nyuzi nyembamba sana zinazoizunguka kathodi, sehemu ya moto inayotoa elektroni, na katika valvu ya 6922 nyuzi hizo zimevutwa juu ya fremu na kuwekwa karibu mno na kathodi ili valvu iwe na nguvu ya kukuza. Kioo kikitikisika, nafasi kati ya gridi na kathodi hubadilika, mkondo unaokwenda kwenye anodi, sehemu inayozipokea elektroni, hubadilika pamoja nayo, na mabadiliko hayo hukuzwa sawasawa na muziki wenyewe. Kabla ya kununua chochote nilizima amplifaya, nikasubiri ipoe, nikabadilishana nafasi za zile valvu mbili ndogo, na mlio ukahamia sikio la kulia. Hapo nikajua kwa hakika kwamba tatizo ni valvu moja, wala si hedifoni, wala si waya.

Ndipo nilipoivisha valvu ile pete mbili za silikoni. Mlio haukuondoka wote, lakini ulikatika upesi badala ya kujivuta, na nilipoweka vipande vya mpira laini chini ya kasha, malori ya alfajiri yakaacha kusikika hedifonini. Haya ni mafanikio ya kweli na ninayasimulia kwa fahari. Hata hivyo, muziki wenyewe haukubadilika hata chembe: gitaa la besi lilibaki palepale, sauti ya mwimbaji ilibaki na unene uleule, na ile nafasi kati ya tarumbeta na ngoma haikupanuka. Nilipozihamishia pete kwenye valvu nzima isiyo na mlio, hapakuwa na tofauti yoyote ya kueleza. Pete hutibu valvu inayolia, na isiyolia haina cha kutibiwa.

Kuhusu valvu kubwa ya 6080, ninashauri iachwe bila vazi. Hita yake hula amperi 2.5 kwa volti 6.3, ambazo ni karibu wati 16 za joto tupu kabla muziki haujaanza, na kioo chake huunguza vidole. Jirani yangu mmoja aliikatia pete kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Nyumba yake ilinuka kwa siku kadhaa na kioo kikabaki na alama nyeusi. Isitoshe, valvu hiyo iko mwisho wa safari ya sauti, ambako hakuna tena ukuzaji mkubwa unaoifuata, kwa hiyo mtikisiko wake mdogo hauna mahali pa kukulia.

Maneno haya niliyasema katika mkusanyiko wa wapenzi wa muziki pale Pasiansi, kwa upole na kwa mifano, alipokuwapo muuzaji mmoja aliyekuwa amewauzia wenzetu wawili waya za umeme kwa bei ya simu nzuri. Hakunijibu kwa hoja. Alisema mbele ya wote kwamba masikio yangu yamezoea redio ya mkulima, na watu wakacheka, wakiwemo wale ambao amplifaya zao nilizitengeneza kwa mikono yangu bila kudai hata nauli. Neno lile bado linaniuma, na sitalificha. Nilipendekeza tufanye jaribio palepale, akakataa, akisema kwamba sauti nzuri haipimwi kwa mitihani.

Mwezi uliopita mmoja wa wanunuzi wale alikuja nyumbani kwangu na waya wake, akataka tuupime. Binti wa dada yangu alikaa nyuma ya amplifaya, kanga ikiwa imetundikwa katikati ili tusione mikono yake. Kabla ya kila jaribio alirusha sarafu, akachomeka waya wa ghali au waya wa kawaida kulingana na sarafu ilivyoanguka, tukasubiri valvu zipate moto kila mara kwa muda uleule, na kitufe cha sauti hakuna aliyekigusa. Rafiki yangu alisikiliza wimbo anaoujua kuliko wimbo mwingine wowote. Alipatia karibu nusu, jambo ambalo sarafu yenyewe ingeweza kulifanya. Alinyamaza, akacheka, akasema, "Kaka, siku ile tulikuonea." Nilifurahi sana, na sioni kwa nini nisiseme hivyo.

Ukitaka kulifanya jaribio hili nyumbani, zingatia mambo mawili. La kwanza ni hesabu: anayebahatisha mara 10 ana uwezekano wa takriban asilimia 1 tu wa kupatia 9 au zaidi, kwa hiyo atakayefikia hapo ana jambo la kutuambia, na wa 5 au 6 hana. La pili ni kiwango cha sauti. Sauti iliyozidi kidogo tu, hata chini ya desibeli 1, sikio haliitambui kuwa imezidi, bali huiona nzuri zaidi, nene zaidi na yenye uhai zaidi. Ndiyo maana watu wengi wanaobadilisha valvu huapa kwamba mpya imeamsha muziki, hali valvu hiyo imekuza zaidi kidogo na hakuna aliyerekebisha kitufe.

Sababu ya waya kutofanya kazi inayodaiwa ni rahisi. Umeme umekwisha kupita nguzo nyingi na waya wa kawaida ndani ya ukuta wa nyumba yako; ukifika kwenye amplifaya unaingia kwenye transfoma, unanyooshwa kuwa mkondo wa mwelekeo mmoja, kisha unachujwa na kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme. Mita moja na nusu ya mwisho, ikiwa nzima, imekaza na ina ethi, imemaliza wajibu wake. Fyuzi nazo ni hivyohivyo, na ninasikitika zaidi ninapoona zile zenye mshale wa kuonyesha upande wa kuziweka, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake mkondo hugeuka mara 100 kila sekunde ndani ya fyuzi hiyohiyo. Kibaya zaidi ni kwamba wengine huweka fyuzi ya amperi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kasha kwa kuamini sauti itapumua, na siku hitilafu itakapotokea, fyuzi haitakatika bali transfoma itaungua.

Volti, kwa upande mwingine, ni jambo la kweli kabisa. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, lakini jioni mtaa mzima unapopika na kupiga pasi, unaweza kushuka. Ukifika 200, hita iliyopaswa kupata volti 6.3 hupata kama 5.5, kathodi haipati joto la kutosha, elektroni hupungua na sauti hulegea, hasa kwenye besi. Stabilaiza nzuri, yaani kifaa cha kusawazisha volti, iliyofanya sauti yangu ya saa mbili usiku ilingane na ya alfajiri ndicho kifaa cha pembeni ambacho singekubali kukipoteza, ingawa ni lazima uchague isiyopiga kelele, maana zile zinazobadili volti kwa kukatakata husikika hedifonini kila zinaporuka. Na umeme ukikatika, kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme uliorudi, huilinda pia amplifaya. Ukiagiza amplifaya iliyotumika kutoka Marekani, kumbuka kwamba transfoma ya kushusha volti kuwa 120 haibadilishi mizunguko 50 kuwa 60, na transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya 60 pekee inaweza kuvuma na kupata moto.

Mvumo usiokoma hata wimbo ukisimama hutoka mara nyingi kwenye chaja ya kompyuta unayopigia muziki, inayokutana na ethi ya amplifaya kwa njia mbili. Chomoa chaja, kompyuta itumie betri, usikilize. Mvumo ukikoma, umekipata chanzo bila gharama. Usikate waya wa ethi wa amplifaya kwa sababu yoyote, kwa maana ndani ya kasha lile la chuma mna volti za kuua, na kapasita huendelea kuzishikilia hata baada ya kuzima. Iondoe pia simu juu ya kasha: inapotumia mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa mapigo takriban 217 kwa sekunde, na valvu huyageuza kuwa ule mlio wa ti-ti-ti mnaoufahamu.

Sisi wa kando ya ziwa tuna tatizo la ziada, nalo ni unyevu. Miguu ya valvu hupata ukungu mweusi, wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga hufia ndani ya soketi, na matokeo yake ni mikwaruzo ambayo watu huiita uchovu wa valvu. Zima, chomoa, subiri hadi ipoe kabisa, kisha safisha miguu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, na uiingize valvu na kuitoa mara kadhaa ili soketi ijikwangue. Valvu nyingi zilizoletwa kwangu kama zimekufa zilifufuka kwa njia hii. Usafi huu hauna mfuko wa velveti wala cheti kama bidhaa za ghali, lakini niamini, mdogo wangu unayesoma haya, ndio uliobadilisha sauti za watu kuliko bidhaa yoyote niliyowahi kuona ikitoka kwenye mfuko huo. Ninawasihi vijana: msinunue kabla hamjasafisha, msisafishe kabla hamjasikiliza, na msiruhusu mtu yeyote awaaibishe kwa kuuliza uthibitisho wa kitu mnachokilipia kwa jasho lenu.

Kimebaki kifaa kidogo kuliko vyote, nacho ni adapta ya kuunganisha pini ndogo ya milimita 3.5 na tundu kubwa la milimita 6.35. Adapta mbovu hupoteza mgusano wa waya wa pamoja unaorudisha mkondo wa pande zote mbili. Hilo likitokea, spika mbili za hedifoni huungana kwenye njia moja ya umeme, moja baada ya nyingine, na unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu: mwimbaji aliyewekwa katikati hutoweka, vyombo vya pembeni hubaki vikielea, na rekodi ya mono, yenye sauti ileile pande zote mbili, hunyamaza karibu yote. Nimewahi kuletewa amplifaya nzima kabisa ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuinunulia valvu mpya kwa sababu hiyo. Unapoinunua dukani, ichomeke, weka wimbo wenye mwimbaji mmoja, kisha izungushe polepole kwa vidole huku ukisikiliza; sauti ya mwimbaji ikipotea hata mara moja, irudishe kwa muuzaji na uombe nyingine.