Mstari mweupe unamlinda nani? Majibu kwa wasomaji wa langalanga

Toleo lililopita niliandika mambo mawili: kwamba changarawe pembeni mwa barabara ni mwamuzi bora kuliko kamera, na kwamba ujanja wa Jumamosi kwenye mchujo wa kupanga nafasi unawadhulumu madereva waliokuja kukimbia. Barua nyingi zilizofika zinanipinga. Hizi hapa nazijibu kwa urefu kadiri nafasi inavyoruhusu, maana walioziandika wanaujua mchezo.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi magari, na Jumapili gereji yetu yote hukaa mbele ya televisheni. Kila mara tunabishana. Tairi mbili zikiwa nje, dereva ametoka au hajatoka? Na zile kingo za nyekundu na nyeupe ni barabara au siyo? – S.M., Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tairi mbili nje si kosa, na tatu nje pia si kosa. Kanuni za FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, zinasema gari limetoka pale ambapo hakuna sehemu yake hata moja inayogusa barabara. Mstari mweupe wenyewe ni barabara. Ukingo wa rangi si barabara, ingawa madereva wanaupanda kila mzunguko na hakuna anayewakataza, alimradi tairi moja ibaki kwenye mstari au ndani yake.

Mkitaka kumaliza ubishi, msihangaike na tairi za nje. Simamisheni picha pale gari linapotoka kwenye kona, mtazame tairi za upande wa ndani. Mkiona rangi ya ukingo kati ya mstari mweupe na tairi hizo, ametoka.

Kwenye mchujo, muda wa mzunguko huo unafutwa. Kwenye mbio zenyewe dereva anavumiliwa. Akifika mara ya tatu anaonyeshwa bendera nyeusi na nyeupe ya onyo, na mara ya nne anapigwa sekunde 5.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba mstari haukuwa na uzito huu kila mahali. Bahrain, Machi 2021, kona ya 4 ililindwa siku ya mchujo na nyakati zikafutwa. Jumapili wakasema hawatahesabu anayepitiliza pale, isipokuwa akipata faida ya kudumu. Hamilton akapita nje mizunguko 29. Kisha, mbio zikielekea ukingoni, Verstappen akampita Hamilton akiwa nje ya kona hiyo hiyo, akaamriwa arudishe nafasi, na Hamilton akashinda kwa chini ya sekunde moja. Mashabiki wa pande zote mbili walikuwa na haki ya kukasirika. Kona ni ile ile na mstari ni ule ule, sheria imebadilika usiku. Kuanzia 2022 ikaamuliwa mstari mweupe uhesabiwe kila kona, kila siku, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

SWALI: Ndugu mwandishi, umewatetea madereva kupita kiasi. Hawa ni watu wanaolipwa mamilioni kwa kazi moja tu, kuliweka gari barabarani. Mstari upo, wanauona. Wakitoka waadhibiwe, basi. Changarawe unazozisifu zinapindua magari. Umesahau Silverstone? – Msomaji wa Nairobi

JIBU: Sijasahau. Julai 2022, gari la Zhou Guanyu lilipinduka mara tu baada ya mbio kuanza, likateleza juu chini hadi kwenye changarawe, likaruka ukuta wa matairi na kunasa kati ya ukuta huo na uzio wa watazamaji. Alitoka mzima, na kila aliyeitazama picha ile anajua kilichomwokoa ni kile kizingiti cha chuma kinachozunguka kichwa cha dereva.

Ila ninachokitaka mimi si uwanja mpana wa changarawe kama wa zamani. Nataka ukanda mwembamba tu, unaoanza pale ukingo unapoishia, na nyuma yake lami ya kumsimamisha aliyepoteza breki. Ukanda huo haupindui gari lililoteleza kidogo. Unachofanya ni kulipunguza mwendo, kuchafua matairi na kumpotezea dereva muda hapo hapo, mbele ya macho ya watu wote.

Sasa hili la “wanauona”. Hapana ndugu yangu, hawauoni. Dereva wa langalanga amelala zaidi kuliko alivyokaa, miguu mbele, macho yake yako juu kidogo tu ya usukani, na pembeni mbele yake yamesimama matairi makubwa. Akiingia kona anauona mstari wa mbali. Ule anaoukanyaga wakati wa kutoka umejificha chini ya tairi, na anaukadiria kwa mazoea na kwa mtikisiko wa ukingo. Sisemi asiadhibiwe. Nasema mtu anayekadiria anahitaji kitu cha kumwambia papo hapo kwamba amezidisha.

Tazama Austria 2023. Uwanja wa Spielberg ni mfupi, kilomita 4 na ushei, na unamalizwa kwa sekunde sitini na kitu. Kona ya 9 na ya 10 zote zinapinda kulia kwa kasi. Ukiliachia gari lipanuke kidogo wakati wa kutoka, mguu haubanduki kwenye mafuta. Kwa wakati ule nje ya ukingo kulikuwa na lami tupu, nzuri kama ya ndani. Kwa hiyo kilichosimama kati ya dereva na muda wa bure kilikuwa rangi nyeupe na mtu aliyeketi mbele ya skrini.

Mtu huyo alizidiwa. Matukio zaidi ya 1,200 yaliripotiwa katika mbio moja, na waamuzi hawakuweza kuyapitia yote magari yakiwa bado yanakimbia. Bendera ikashushwa, vikombe vikatolewa, shampeni ikamwagwa. Timu ya Aston Martin ikapeleka malalamiko, mafaili yakafunguliwa upya, na jioni ile madereva 8 wakaongezewa adhabu. Sainz aliyemaliza wa 4 akawa wa 6. Hamilton wa 7 akawa wa 8. Ocon peke yake alifikisha sekunde 30 za nyongeza. Aliyezima televisheni baada ya shampeni alilala na matokeo ambayo si matokeo.

Siku mbili kabla, Ijumaa ya mchujo, Perez alifutiwa nyakati zake katika kipindi cha pili, moja baada ya nyingine, akapangwa wa 15 huku mwenzake mwenye gari kama lake akianza mbele kabisa. Hapo nakubaliana nawe bila kusita. Kipindi kile kilimtaka ajikaze akae ndani mara moja tu, na hakufanya hivyo. Kosa lake, si la mtu mwingine.

Kwa miaka mingi tuliambiwa changarawe haziwezekani pale kwa sababu pikipiki za MotoGP nazo zinakimbia kwenye uwanja huo. Mwaka 2024 ukanda ukawekwa kwenye kona hizo mbili, na yale mafuriko ya makosa yakakauka. Kesi iliyobaki ikatokea kwingine: Piastri alifutiwa muda kwenye mchujo kwa kupitiliza kona ya 6, akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7. Timu yake ya McLaren ikalalamika, malalamiko yakakataliwa. Ubishi wa upana wa kidole kwenye kona moja, tena umekwisha kabla ya Jumapili, nauvumilia. Ubishi wa mafaili 1,200 siuvumilii.

Nilishika bendera kwenye mbio za magari za mkoani kwetu nikiwa kijana, na ninachokijua ni kwamba dereva akinaswa na ardhi hamgombezi mwenye bendera. Mwaka 2021, Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia kule Naivasha, Kalle Rovanperä alizama kwenye mchanga laini wa Kedong hadi gari likakataa kusogea. Hakukuwa na malalamiko ya kuandika.

SWALI: Mimi na mume wangu hatuelewani. Yeye anasema Schumacher alionewa Monaco 2006. Mimi nasema kama alistahili adhabu, basi Rosberg naye 2014 alistahili. Mbona mmoja alitupwa nyuma na mwingine akaachiwa? Tusuluhishe, kaka. – Mama J., Mwanza

JIBU: Dada yangu, swali lako ni gumu kuliko yote niliyopokea, na sitakuficha ninavyolitazama.

Kwanza, Monaco ni pembamba mno. Anayeanza mbele akiendesha bila kosa, ni nadra kupitwa. Kwa hiyo dakika za mwisho za mchujo zina thamani kuliko mahali popote pengine duniani. Bendera ya njano ikipepea, aliye nyuma lazima apunguze mwendo, na mzunguko wake umekufa. Aliyesababisha bendera hiyo, kama tayari ana muda bora, anabaki nao.

Schumacher alikuwa na muda bora. Alonso alikuwa nyuma yake, anakuja kwa kasi. Kwenye kona ya Rascasse, mahali ambapo gari linakwenda polepole kabisa, Schumacher akafunga breki, akaelekea ukutani bila kuugonga, na injini ikazima. Barabara ikazibwa. Waamuzi walikaa na taarifa za kompyuta ya gari hadi usiku: amekanyaga breki wapi, kwa nguvu gani, usukani ameuzungusha vipi. Wakaona breki ile haifanani na alivyoikanyaga mizunguko mingine, wakaamua amelisimamisha gari makusudi, wakamfutia nyakati zote. Yeye alikana. Alianza mkiani na akamaliza wa 5, jambo ambalo Monaco ni kazi ya fundi hasa.

Rosberg, miaka minane baadaye, naye alikuwa na muda bora. Alifika kona ya Mirabeau akafunga breki, akanyoosha moja kwa moja kwenye njia ya dharura. Njano ikapepea, Hamilton aliyekuwa nyuma yake akaukosa mzunguko wake wa mwisho. Waamuzi wakapitia video na taarifa za gari, wakasema hawaoni kosa. Alianza wa kwanza, akashinda.

Kwa hiyo mumeo hana hoja kuhusu 2006: ushahidi ulikuwepo, na ulitoka kwenye gari la mtuhumiwa mwenyewe. Nawe kuhusu 2014 huna ushahidi, una hisia tu, na hisia hazimpeleki mtu mkiani. Lakini moyoni mwako umegusa jambo la kweli. Katika kesi zote mbili swali lililoulizwa lilikuwa “alikusudia?” na jibu la swali hilo analijua dereva na Mungu wake. Hamilton aliupoteza mzunguko wake vile vile, makusudi au ajali.

Kwenye mbio za IndyCar, Marekani, hawaulizi. Anayesababisha bendera nyekundu kwenye mchujo ananyang'anywa nyakati zake bora. Nataka langalanga wafanye hivyo hivyo, na kwa njano pia, kila inapokuwa gari lake ndilo lililosimama au kutoka. Najua itawaumiza waungwana. Leclerc, Monaco 2021, mbele ya watu wa nyumbani kwake, alikuwa anaongoza alipogonga ukuta karibu na bwawa la kuogelea. Bendera nyekundu, mchujo ukaisha, akabaki na nafasi ya kwanza. Sijawahi kuamini alikusudia. Hakuna anayelivunja gari lake namna ile kwa hila. Jumapili lile gari halikuanza hata mbio, kiungo cha kupeleka nguvu kwenye gurudumu kilikufa likielekea kwenye nafasi yake. Kwa kanuni ninayoitaka, nafasi ile angeipoteza Jumamosi. Ingeniuma, na bado ningeitaka, kwa sababu walikuwepo wengine nyuma yake waliokuwa wanaendesha vizuri na hawakugonga kitu.

SWALI: Mzee, kwa nini wanaadhibiwa kwa kwenda polepole? Mbio ni za kasi, anayetambaa anajiumiza mwenyewe. – H., Muscat

JIBU: Hajiumizi mwenyewe, mwanangu. Kwenye mchujo, gari linaloandaa matairi, yaani kuyapasha joto kabla ya mzunguko wa kasi, linatambaa kwenye kona zile zile ambazo mwingine anapita kwa kasi ya kutisha. Na wakati mwingine wanatambaa kwa hesabu. Monza 2019, kila mmoja alitaka kujibanza nyuma ya mwenzake amkatie upepo, hakuna aliyekubali kutangulia. Wakaenda sambamba kama foleni, na karibu wote wakafika mstarini saa imekwisha. Leclerc akabaki wa kwanza kwa muda wa awali. Watatu, Hülkenberg, Stroll na Sainz, wakapewa karipio tu, na kwangu lilikuwa jepesi mno. Siku hizi kuna muda wa juu uliowekwa wa kumaliza mzunguko wa maandalizi, na umesaidia.

Qatar, Novemba 2024, ndiyo kesi ya kuitazama. Verstappen alikuwa na muda bora wa mchujo. Alikuwa akienda polepole, Russell akamkuta ghafla mbele yake. Adhabu ya kawaida ni nafasi 3. Waamuzi walimshusha nafasi 1 tu, kwa kuwa Russell naye alikuwa bado anaandaa matairi, hakuwa kwenye mzunguko wa kasi. Russell akapanda mbele. Maneno makali yalipita kati yao, na mimi naona waamuzi walipima vizuri: kosa lilikuwepo, madhara yalikuwa madogo. Kesho yake taa zilipozima, Verstappen alimpita Russell kwenye kona ya kwanza, ndani ya mstari, akashinda.