Mtoto anayeonewa haraka: mtafutie rafiki mmoja kwanza

Kuna mtoto ambaye wenzake humjua ndani ya wiki ya kwanza. Akitaniwa, machozi yanamlenga. Akidanganywa, anaamini. Akiambiwa "lete kalamu yako ndiyo ucheze na sisi", analeta, na kesho yake analeta nyingine. Si mjinga, na huenda masomo anayaweza vizuri. Kinachompungukia ni ujuzi ambao wengine huuokota bila kufundishwa: kusoma uso wa mwenzake, kujua utani umeishia wapi na uonevu umeanzia wapi.

Watu wazima wengi hukimbilia kumfanya awe mgumu. "Na wewe mpige." "Jikaze." Mtoto wa aina hii akijaribu, hulipuka akiwa amechelewa, kwa kelele, mwalimu akiwa ameshageuka kutazama. Waliomchokoza walifanya kimyakimya. Yeye ndiye anayeonekana, na adhabu inamwangukia yeye. Tena kule kulipuka ndiko walikokuwa wakikutafuta. "Usiwajali" nayo ni nusu ya ushauri, maana haimwambii aelekee wapi wala afanye nini.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na kuanza kuchunguza suala hili miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: ni wa makusudi, unarudiwa, na nguvu za pande mbili hazilingani. Shikilia hilo la tatu. Ndilo linaloeleza kwa nini kuwakalisha watoto wawili chumba kimoja "wapatane" huharibu zaidi. Aliyeonewa anasema samahani kwa woga, mwenzake anasema samahani kwa ufundi, na safari ya kurudi darasani inakuwa ya kulipizana.

Kabla ya hatua yoyote, jua kinachotokea. Swali la "nani amekuonea?" humfunga mtoto mdomo. Muulize mambo madogo: "Wakati wa mapumziko ulikuwa wapi? Mlicheza nini? Nani alikuwa karibu?" Uliza mkiwa mnatembea au mnafanya kazi pamoja, si mkitazamana. Akieleza, usipandishe hasira. Mtoto akiona umeumia, kesho atakuficha ili akulinde. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: tarehe, mahali, saa, nani alifanya, nani alitazama. Utagundua mambo yanajirudia mahali pamoja au pawili, karibu kila mara pale ambapo hakuna mtu mzima: njiani, chooni, kona ya uwanja. Mtoto anayebana mkojo hadi arudi nyumbani anakueleza kitu kuhusu choo cha shule. Tumbo linalouma asubuhi za shule na kupona siku za mapumziko, vivyo hivyo.

Sasa rafiki. Usihangaike kumfanya apendwe na darasa zima. Mmoja anatosha kubadilisha mambo, kwa sababu anayewinda hutafuta aliye peke yake. Usimchague mtoto maarufu. Mchague mtulivu, anayependa kitu kilekile mwanao anachopenda, hata akiwa mdogo kwa mwaka mmoja. Mwalike peke yake, si wawili. Wakiwa watatu, mmoja hutengwa, na unajua atakuwa nani. Saa moja na nusu inatosha mara ya kwanza. Ziwepo shughuli mbili zilizoandaliwa, ya kujenga au kuchora kitu pamoja, kwani maongezi matupu ndiyo yanayomshinda. Vile vitu ambavyo mwanao hawezi kuvumilia vikiguswa, vifungie mapema. Ndugu zake wape kazi mahali pengine. Maliza wakiwa bado wanafurahi, ili mgeni aondoke akitaka kurudi, kisha mwalike tena ndani ya wiki mbili kabla uzi haujakatika.

Kuingia kwenye mchezo ulioanza pia hufundishwa. Mtoto mnyonge hukosea kwa njia mbili: anasimama mbali akingoja kuitwa, au anavamia na kubadilisha kanuni. Mfundishe hivi: sogea karibu, tazama kwa dakika moja hivi hadi uelewe mchezo, anza kufanya wanachofanya, sema neno moja linalohusu mchezo ("mpira umetoka kule"), kisha ungoje nafasi. Mwambie pia ukweli kwamba hata watoto wanaopendwa hukataliwa mara nyingi. Tofauti ni kwamba wao hujaribu kwingine.

Kwa maneno ya kuudhi, mpe majibu mawili mafupi ya kuyafanyia mazoezi dakika tano kila jioni, wewe ukiigiza mchokozi. "Umeshasema." "Sawa." Sauti ya kawaida, macho kwenye paji la uso la mchokozi kama kumtazama machoni ni kugumu, kisha miguu ielekee walipo watu. Usikomee kwenye maneno. Mwili usipofanyiwa mazoezi utaganda siku yenyewe. Na hili ni la maneno tu. Akipigwa, akitishwa au akinyang'anywa, anaondoka na kumwambia mtu mzima siku hiyohiyo.

Shuleni nenda na daftari lako, na uombe mambo yanayoweza kuhakikiwa: mtu mzima asimame wapi saa ngapi, kiti kihamishwe, na siku gani mtakutana tena. Weka siku hiyo baada ya wiki moja, kisha nyingine baada ya mwezi, maana uonevu hutulia kwanza halafu hurudi. Zungumza na mwalimu pia kuhusu wanaotazama. Uchunguzi uliofanywa Kanada na kuchapishwa 2001, wa watoto waliorekodiwa wakicheza shuleni, ulionyesha kwamba mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Wazazi wa mtoto mwingine usiwavamie getini. Watamtetea wao, na mwanao ndiye atakayelipa.

Kuna hatari nyingine ambayo hutajwa mara chache. Mtoto mwenye njaa ya kupendwa ni rahisi kwa mtu mzima au kijana mkubwa mwenye nia mbaya, ambaye humpa sikio, zawadi, halafu siri. Mfundishe kutofautisha siri mbili: ile ya kumfurahisha mtu, ambayo ina siku yake ya kufunguliwa, na ile isiyo na mwisho, ambayo hata mama hatakiwi kuijua. Ya pili isemwe, hata kama aliapa. Akikuletea habari ya picha au ujumbe kwenye simu, usimnyang'anye simu kama adhabu, kwani mara ya pili hatakuletea.

Na mzoeze kukataa nyumbani. Mtoto anayelazimishwa kumkumbatia kila mgeni hana mahali pa kujifunzia neno "hapana". Siku akisema hataki kukumbatiwa, mwambie mgeni, mbele yake, "Leo atakusalimia kwa mkono."