Jibu kwa mhadhiri mpya: wiki nne za kwanza piga wazo marufuku

Mwalimu mwenzangu, umesema umepangiwa somo la ujasiriamali wa kijamii, yaani biashara za kutatua shida za watu, mwaka wa tatu, na wanafunzi wanakuletea mipango ya biashara iliyopambwa ambayo haivuki geti la chuo. Mimi nimelifundisha somo hili Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, miaka tisa sasa. Miwili ya kwanza nilifanya vilevile unavyofanya, kwa hiyo nikikukosoa najikosoa mwenyewe.

Nianze na briketi, yale makaa ya kubanwa, maana ndizo zilizonivua nguo.

Mwaka wangu wa pili kundi moja lilikuja na wazo ambalo karibu kila mtu wa hapa amewahi kuliwaza: gugu maji limejaa ziwani, akina mama wanahangaika na moto wa kupikia, basi tuligeuze gugu liwe makaa. Slaidi zao zilikuwa safi. Nikawapa alama kuliko wote. Kazi yenyewe ilipoanza walivuna magunia 12 pale ufukwe wa Dunga, wakakodi mkokoteni, wakaanika. Sasa, gugu maji zaidi ya asilimia 90 ni maji tu. Baada ya siku nane za jua halikujaza gunia moja. Jambo la kawaida hilo, lipo vitabuni, ila hakuna aliyefungua kitabu, na mimi nikiwemo.

Hicho kidogo tukakichoma kwenye pipa, tukakibana kwa uji wa muhogo, tukakipeleka mtaa wa Obunga kwa wakaangaji wa mgongo wazi. (Kwa wasiotoka huku: ni lile fupa la samaki mbuta linalobaki kiwanda kikishatoa minofu ya kuuza ng'ambo, kichwa, uti wa mgongo na vijinyama vilivyong'ang'ania.) Mama mmoja akatupokea vizuri, akapanga briketi zetu chini ya karai, akangoja. Akachungulia. Akangoja tena. Mafuta kimya. Mwisho akasema kwa upole, "Mwalimu, moto wenu umelala." Akazichomoa moja moja kwa koleo, akarudisha kuni. Kukaanga kunataka mwali. Briketi ni za maharagwe. Yeye alilijua hilo kabla hatujavuna hata jani, na sisi hatukuwa tumemuuliza.

Muhula uliofuata nikapiga wazo marufuku kwa wiki nne. Mwanafunzi anakwenda mahali, anakaa, anasaidia kama atakubaliwa, anaandika daftari. Akiniletea suluhisho kabla ya wiki ya tano namrudishia. Pia nilikataza neno "mfadhili". Huku kwetu watoto wamekua wakipita mabango ya mashirika kila njia panda, na ukiwaachia, sentensi ya kwanza ya kila mpango inamtafuta mzungu wa kulipa. Biashara ya kijamii haitofautiani na nyingine kwa kuwa na huruma zaidi. Tofauti iko kwenye maswali mawili: faida inakwenda wapi, na nani anaamua. Ukiwabana hapo wanaanza kuelewa.

Kundi la mwaka huo nalo lilikwenda Obunga. Badala ya kutengeneza kitu, waliomba kuandika hesabu ya siku moja ya mama mmoja. Mifupa shilingi 1,500, mafuta 600, kuni 200, boda 100. Mauzo 2,700. Wakashangilia: faida 300! Mama akawaangalia. Mifupa ile alikuwa ameichukua kwa mkopo kwa dalali, na kila jioni anamwongezea 150 juu ya deni. Jasho la kutwa nzima kwenye moshi, anaondoka na 150. Siku hiyo wale vijana walirudi darasani kimya, na sijawahi kupata mhadhara uliofanya kazi kama hiyo.

Walichopendekeza baadaye kilikuwa kidogo mno. Akina mama watano wachange wanunue mafuta kwa jerikeni la lita 20 badala ya kila mtu kupimiwa rejareja, na kile kinachookolewa kiwekwe sanduku moja la kumkopesha anayebanwa na dalali. Kijana mmoja akanilalamikia: "Lakini mwalimu, hii si ni chama tu?" Ndiyo, ni chama, kikundi cha kuchangiana. Wawili walijitoa kwa ugomvi wa zamu. Watatu mara ya mwisho nilipopita walikuwa bado wananunua pamoja.

Hapo ndipo namleta Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Benki ya Grameen inayokopesha maskini, si wiki ya kwanza. Wengi humtaja kwa Nobel ya mwaka 2006 wakasahau alikuwa mhadhiri wa uchumi kama wewe na mimi, chuo cha Chittagong, Bangladesh, akaingia kijiji cha Jobra kilichokuwa jirani na chuo chake. Watu 42 walikuwa wamefungwa na madeni ambayo jumla yake haikuzidi dola 27. Mwanafunzi aliyekwisha kuona ile 150 ya dalali haulizi tena hadithi hii inamhusu nini. Halafu nawarudisha nyumbani: shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma, magharibi mwa Kenya, mwaka 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea, nao wakalipa kidogo kidogo, wakidhaminiana kwa vikundi. Nusu ya darasa wana shangazi aliyewahi kuwa mwanachama. Waambie wampigie simu.

Alama ndizo zinazoumiza kichwa. Kwetu, kama vyuo vingi vya Kenya, ni 30 za majaribio na 70 za mtihani, na wakubwa hawataki kusikia lingine. Zile 30 nazitoa kwa daftari, na mwenye kuandika "nilidhani hivi, nikakosea" hupata zaidi ya aliyefaulu kirahisi. Kwenye mtihani naweka hesabu kama ile ya mgongo wazi na kuuliza hasara inabebwa na nani. Haiwezi kukaririwa.

Darasa kubwa nalo halina dawa. Mimi nina 140. Nawagawa watatu watatu, soko la Kibuye, Dunga, stendi za boda, mafundi wa jua kali, na sirudii mahali pamoja mihula miwili mfululizo. Wakazi wa mitaa iliyo karibu na vyuo wamechoka kuhojiwa. Muhula mmoja niliachia hilo, na mama mmoja Nyalenda akaniuliza, "Wale wa mwaka jana walisema watarudi. Wako wapi?" Sikuwa na jibu. Sasa kila kundi hurudi wiki ya mwisho na hesabu iliyoandikwa vizuri wamkabidhi mwenye biashara; mwanafunzi asiporudi, daftari lake silisahihishi.

Kama umepewa wanafunzi wa jioni niambie. Wale wengi wana biashara tayari, na kuwapeleka Obunga ni kupoteza muda wao. Hao hesabu waanze na zao.